Kufikia kwa Watu

Sisi wa Chemchem, hapa mjini Tabora, mtu akisafiri hatumuulizi atalala wapi. Tunamuuliza, "Utafikia kwa nani?" Neno hilo nimelisema tangu utoto bila kulitazama, mpaka mwaka 2020 liliponiweka miezi saba katika nyumba ya watu huko Seeb, pembeni ya Maskati.

Nilikwenda mwanzoni mwa Machi, kwa wiki nne tu. Bi Mkubwa wa nyumba ile alizaliwa Chemchem, nyumba yao na yetu ukuta mmoja. Mama zetu waliazimana chumvi na kinu. Ukoo wao ulihamia Unguja, halafu Omani, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kwao. Nilimpelekea kidumu cha asali. Alifungua kifuniko, akanusa kabla ya kuonja. "Miombo," akasema, kisha akanyamaza muda mrefu.

Tarehe 29 Machi, kwa sababu ya korona, ndege za abiria zikasimamishwa. Tiketi yangu ilikuwa ya tarehe 31. Tarehe 10 Aprili mkoa mzima wa Maskati ukafungwa, polisi wakasimama barabarani, na hali ikabaki hivyo hadi tarehe 29 Mei. Ramadhani yote tuliswali tarawehe sebuleni, wajukuu wa Bi Mkubwa wakiwa wamesogeza makochi ukutani. Ndege za kawaida hazikurudi mpaka Oktoba. Mgeni wa wiki nne nikawa mtu wa nyumbani, na kwa kuwa nimefundisha historia miaka thelathini na moja, usiku nikikosa usingizi nilikuwa nikiwafikiria wageni wengine waliowahi kukwama. Waliokwama kwetu.

Tabora ni mji wa kukwama. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa na kugawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo wakishafika Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, walikuwa wamefika kwao. Walitua mzigo, frasila mbili kila mmoja, wakachukua ujira wao na kwenda kulima. Mwenye bidhaa akabaki na marobota yake, akingoja wapagazi wengine, akingoja mvua zikatike, akingoja vita viishe. Wiki zikawa miezi. Katika miezi hiyo alihitaji mwenyeji.

Wasafiri wa Kiingereza, Richard Burton na John Speke, waliingia Kaze, kama mahali hapo palivyoitwa, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mharthi kutoka Omani. Aliwapa nyumba, akawatunzia mali, akawatafutia wapagazi, na Burton alipolala kwa maradhi hakumwacha peke yake. Mwaka uliofuata Speke alikwenda kaskazini, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti, lakini Burton alibaki Kaze akikusanya maneno ya lugha za huku, na Snay akiwa mwalimu wake. Wanafunzi wangu wote wanamjua Speke na ziwa lake. Mimi namhusudu zaidi yule aliyebaki, kwa sababu alikaa na mwenyeji wake na kumsikiliza. Snay mwenyewe aliuawa mwaka 1861, katika vita vya Waarabu na Mtemi Mnywasele.

Tena kuna Livingstone. Alirudi kutoka Ujiji pamoja na Stanley, wakafika Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani kumtafutia watu. Mzee akakaa ndani ya tembe la huko akingoja mpaka Agosti. Tembe hilo lipo mpaka leo, mwendo mfupi kutoka mjini, na nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi. Kuta zake ni nene na ndani kuna ubaridi hata jua la Oktoba likiwaka. Kila safari nilikuwa nikiwaeleza habari za uvumbuzi. Kumbe nilipaswa kuwaambia kwanza wakae chini sakafuni, watulie, wapige hesabu ya miezi.

Maradhi nayo yalisafiri njia hiyohiyo. Kipindupindu kilifika Unguja mwishoni mwa 1869, na daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko, aliandika kitabu kizima kufuata nyayo zake. Alionyesha kwamba kilitoka bara kwa njia za Wamasai na kushukia Pangani. Lakini ugonjwa ulioogopwa zaidi njiani ulikuwa ndui. Burton anaeleza jambo moja ambalo sijawahi kulisahau. Karibu na kila kambi ya misafara aliona viduara vidogo vya nyasi vilivyojitenga na kambi yenyewe. Akauliza. Akaambiwa ni vya waliopatwa na ndui.

Nilikuwa nikivifikiria viduara vile nikisimama kwenye dirisha langu Seeb, natazama barabara tupu. Mpagazi aliyewekwa humo hakuwa na mwenyeji. Vijiji havikumpokea, na msafara haukuweza kumngoja. Burton aliwapita watu wa namna hiyo njiani, wakijikokota, akina mama na watoto wagonjwa migongoni.

Wanyamwezi walitafuta dawa ya upweke huo, na dawa yenyewe ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na wazee wetu walitufundisha kwamba jambo hilo lilizaliwa safarini: ukifia katika nchi ya mtani, yeye ndiye atakayekuosha na kukuzika, na kabla ya hapo atakulisha na kukutukana. Baba yangu alifanya kazi reli. Alipofariki, Mzaramo mmoja fundi wa karakana aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akakataa kutoka mpaka alipwe. Watu walilia na kucheka pamoja. Nilikuwa mdogo, nikakasirika sana. Sasa najua alikuwa akilipa deni la njia ambayo sisi sote wawili hatukuwahi kuitembea kwa miguu.

Sitaki kuupamba ukarimu wa Kaze kuliko ulivyokuwa. Wali uliowekwa mbele ya mgeni ulikuwa umelimwa, umetwangwa na kupikwa na watumwa. Bibi mzaa baba yangu alisema mama yake aliletwa Tabora kutoka Manyema akiwa msichana, na hakupenda kuulizwa zaidi. Kwa hiyo mwenyeji wa Kaze ninamheshimu, lakini macho yangu huenda jikoni.

Na huko Seeb jikoni kulikuwa na mtu. Binti wa miaka ishirini na mitatu, wa Itigi, aliyekwenda Omani kufanya kazi za ndani. Mkataba wake ulikwisha Aprili na yeye pia hakuweza kurudi. Wiki ya kwanza nilimwambia Bi Mkubwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami siku zangu mbili zimepita. Akanishika mkono. "Jembe lina mwenyewe, Mwalimu. Wewe pumzika."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mwema kwangu na alikuwa mwema kwa binti yule. Mshahara haukuchelewa, na alipopata homa Juni, Bi Mkubwa mwenyewe alimchemshia tangawizi na kumwekea nje ya mlango wa chumba chake. Lakini tulikuwa wawili tuliotoka kando ya njia moja, tumefungiwa katika nyumba moja, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimefikia. Nilianza kuamka alfajiri na kwenda jikoni bila kuomba ruhusa. Tulikanda unga pamoja. Alikuwa akiniita mama, na alinieleza jinsi ya kuliwasha lile jiko la gesi kwa sababu mimi nililiogopa. Bi Mkubwa alitukuta hivyo siku ya tatu au ya nne. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akavuta kiti, akaanza kuchambua mchele.

Nilirudi Oktoba. Binti alibaki, kwa sababu alikuwa amekubali mkataba mwingine, na alinipa bahasha na kitenge nimpelekee mama yake. Nilipanda treni Dar es Salaam, reli ile ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na kuwapumzisha wapagazi, nikateremka Itigi usiku.

Nchi hiyo ndiyo iliyoitwa Mgunda Mkali na watu wa misafara. Waliipita mbio, siku kadhaa za vichaka na maji ya shida, na wengi hawakutoka upande wa pili. Mama yule alikuwa stesheni na tochi. Nilikusudia nimpe vitu vyake nikalale gesti ningoje usafiri wa asubuhi. Alichukua begi langu, akaliweka kichwani, akatangulia.

Nilikuta maji ya moto kwenye ndoo na kitanda chake kimetandikwa kwa ajili yangu. Mwenyewe alitandika mkeka. Asubuhi akanipa uji wa uwele, akakaa mbele yangu, bahasha ikiwa bado haijafunguliwa mapajani mwake.

"Huko mwanangu amefikia kwa nani?" akauliza.

Nikamtajia jina la Bi Mkubwa. Halafu nikamweleza chumba chenyewe: kilivyo kando ya jiko, kitanda, kabati, dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea uji.