Daftari la Saa za Ziada, Gitega na Muyinga

Mwaka 1912, Wajerumani walipouhamisha utawala wao wa Urundi kutoka Usumbura na kuuweka Gitega, walikuja na askari na makarani wa Kiswahili, na kwa makarani hao likaja daftari, ambamo kazi ya mtu ilianza kuandikwa kwa mkono usiokuwa wake. Kabla ya hapo wenyeji walizijua taabu za shamba, ujima wa majirani, na utumishi kwa wakuu wa mwami, yaani mfalme. Lakini hapakuwa na msimamizi aliyehesabu kwa saa ni lini mtu ameanza kazi na ni lini ameimaliza. Tangu siku hizo, mwenye kalamu ndiye aliyeamua kazi ipi imefanyika na ipi haikufanyika.

Watu wa Muyinga, ambao mpaka wa Tanganyika u mlangoni pao, walikutana na maandishi ya namna nyingine. Wengi katika Warundi walivuka kutafuta ujira, baadhi wakenda Uganda kwa wenye pamba na kahawa, baadhi wakawa manamba katika mashamba ya katani. Huko Tanganyika kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, chenye nafasi za siku thelathini. Asubuhi alipimiwa ngwe yake. Akiimaliza, siku yake ilitiwa alama. Asipoimaliza, hata kama jua limemchwea shambani, nafasi ilibaki tupu, na ujira haukulipwa mpaka siku thelathini zitimie. Katika hesabu hiyo saa ya ziada haikuwa na mahali pa kukaa, kwa kuwa kilichopimwa kilikuwa ngwe, wala si wakati. Na aliyeumwa au aliyepewa ardhi ngumu alilipa tofauti kwa mwili wake. Hata hivyo kipande kilikuwa na jambo moja jema, ambalo madaftari mengi yaliyofuata hayakuwa nalo: kilikaa mfukoni mwa mfanyakazi mwenyewe.

Wabelgiji walioitwaa nchi mwaka 1916 waliendeleza kazi za shuruti, za barabara na matuta na mazao ya lazima, na katika miaka ya 1930 kahawa ikaongezwa. Wazee huziita zama hizo zama za kiboko. Na katika zama hizo hizo, mbali na milima ya Urundi, ulimwengu ulikuwa ukiandika kanuni njema. Mkataba wa Washington wa mwaka 1919 uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, ukaagiza saa za ziada zilipwe kwa nyongeza isiyopungua robo, na ukamlazimisha mwajiri kuziandika. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1930 juu ya kazi za shuruti, ambao Ubelgiji iliuridhia mwaka 1944, ulisema kwamba mtu asishurutishwe zaidi ya siku 60 kwa mwaka, kwamba apewe hati ya muda alioutumikia, na kwamba saa zilizopindukia kiasi zilipwe kama zilipwavyo za mfanyakazi wa hiari. Yafaa msomaji alizingatie neno hili: hata yule aliyetolewa nyumbani kwa nguvu, sheria ilikiri kwamba ana haki ya karatasi yake na ya malipo ya saa iliyozidi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, Burundi ilipata Kanuni yake ya Kazi mwaka 1966, ikaibadili mwaka 1993 na tena mwaka 2020. Siku ni ya saa 8 na wiki ni ya saa 40. Saa mbili za kwanza za ziada huongezwa asilimia 35, na zifuatazo asilimia 60. Apataye faranga 1,000 kwa saa, akibakizwa saa tatu, anastahili 4,300, si 3,000. Na tofauti hiyo ya 1,300 yote hutegemea mstari mmoja wa wino.

Tutazame kiwanda cha kuoshea kahawa huko Muyinga wakati wa msimu. Wakulima huleta matunda mabivu alasiri, na matunda hayo hayangoji asubuhi, maana yakilala huchacha na kuiharibu buni. Basi mashine ya kumenyea huzunguka usiku, na watu husimama majini mpaka mzigo uishe. Kilo za mkulima hupimwa na kuandikwa papo hapo mbele ya macho yake. Saa za wale wasimamao majini nazo zastahili heshima hiyo hiyo. Zikiandikwa kesho yake kwa kukumbuka, na kuidhinishwa mwisho wa mwezi na mkubwa aliyekuwa amelala, idhini hiyo haina ushahidi ndani yake. Tena kuna jambo dogo liletalo ugomvi: karani huandika 19h30 kwa desturi ya Kifaransa, ilhali mfanyakazi hukumbuka saa moja na nusu ya usiku, na asiyejua kulinganisha hesabu hizo mbili hupunjwa bila kujua.

Gitega ilipofanywa mji mkuu wa siasa mwaka 2019, kazi ya afisi ilikuja pamoja na cheo hicho, na afisi ambayo saa zake ni kuanzia moja na nusu hadi sita, kisha nane hadi kumi na moja na nusu, huwahitaji dereva na mhazili hata baada ya magharibi. Nawasihi wakubwa wa kazi, huko na Muyinga, watoe idhini ya saa za ziada kwa maandishi kabla hazijaanza, watie saini jioni ile ile, na wampe mfanyakazi nakala yake. Naye mfanyakazi asikubali kuondoka bila nakala hiyo.