Ndege ya Rimoti ya Michezo ya Angani: ya Kwanza Iwe Ipi?

Ndugu yetu mmoja, mwana wa Mombasa anayefundisha kule Kanyangi, Kitui, ametuuliza swali. Wanafunzi wake wamechanga pesa wanunue ndege ya rimoti, si ya kupaa na kutua tu, bali ya kuchora duara angani na kubiringika bila kuacha mstari. Wanunue ipi? Swali si la kuchekwa. Pesa ya mchango ikinunua ndege isiyofaa, huruka siku moja kisha hukaa mwaka mzima juu ya kabati.

Mchezo wenyewe duniani huitwa F3A, na husimamiwa na shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI. Mashindano ya kwanza ya dunia yalikuwa Uswisi mwaka 1960. Waamuzi hawatazami vishindo. Hutazama kama duara ni duara kweli. Ndege za mabingwa hufika mita 2 kwa urefu na kwa upana, na bei yake tuwaachie wenyewe.

Wengi huponzwa na ile ndege inayoning'inia kwa rafadha yake kama popo. Inavutia, lakini vibao vyake vya kuongozea ni vikubwa mno. Kidole kikitetemeka, ndege imeshaenda upande. Huo ni mchezo mwingine. Kisha kuna ile ya bawa la juu, ncha zimeinuka kidogo, chini bapa. Hiyo hujisawazisha yenyewe, na kwa asiyewahi kurusha ndiyo mwalimu, sina neno nayo. Ila ukiigeuza chali hung'ang'ania kurudi, na ukigusa usukani wa mkia tu, inalala upande.

Baada ya hapo, tafuta ndege ambayo bawa lake limepita katikati ya kiwiliwili, limenyooka, na umbo lake ni sawa juu na chini. Hiyo haijali iko chali au kifudifudi. Upana wa bawa uwe kama mita 1.2 hivi, ndogo sana hurushwa na upepo kama tiara iliyokatika uzi. Iwe na chaneli nne au zaidi, na mota iliyo na nguvu kushinda uzani wa ndege, ipande wima bila kuishiwa pumzi. Iwe ya povu gumu, si ya mbao za balsa, maana itaanguka tu. Tahadhari na supaglu: huyeyusha baadhi ya mapovu, ijaribu kwanza kwenye kipande kilichovunjika.

Kanyangi si Nyali. Kule ni juu kuliko pwani, na jua la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi, kwa hivyo ndege hutaka mbio zaidi kupaa na hutua kwa kasi. Ruka asubuhi mapema. Chagua magurudumu makubwa, na gurudumu dogo liwe mkiani. La puani huvunjika upesi penye mawe na visiki.

Betri za lithiamu si za kuchezea. Usiziache juani wala ndani ya gari, usizichaji usiku mkiwa mmelala, na iliyovimba isitumike tena. Zichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mtu akiwapo.

Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya anga visivyo na rubani. Kabla ya kuagiza chochote ng'ambo, mwalimu awaulize KCAA kuhusu vibali. Mzigo uliokwama forodhani haurushwi.

Na kama shule ina kompyuta, waanze na programu ya kuigiza urushaji. Bawa likivunjika mle, halina gharama.

Lau mfuko ungekuwa mkononi mwangu, ningenunua rimoti nzuri kwanza, kwa sababu itatumika kwa ndege nyingi zijazo. Kisha ndege, betri mbili, na rafadha za akiba, zisipungue nne.