Kigoma All Stars

Kigoma All Stars lilikuwa kundi la wasanii wa Bongo Flava wenye asili ya Mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Wasanii hao walikusanyika mwaka 2012 na kurekodi wimbo wa pamoja uitwao "Leka Dutigite". Halikuwa bendi ya kudumu: wengi wa wanachama walikuwa tayari na majina yao kabla ya kuungana, na kila mmoja aliendelea na kazi zake baadaye. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni asili, si shule ya muziki. Walitoka katika makundi ya mitaani, kituo cha mafunzo, mashindano ya kuimba na bendi za ukumbini.

Usuli

Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika, mahali inapoishia Reli ya Kati, takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1914. Ujiji, ambayo leo iko katika manispaa moja na Kigoma, ni mji wa zamani zaidi. Ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya karne ya 19, na kutoka huko Kiswahili kilivuka ziwa hadi Maniema, mashariki mwa Kongo. Kwa sababu hiyo watu wa mwambao huu wamezoea kusikia muziki wa aina nyingi: ngoma za Waha, dansi ya Kikongo na nyimbo za Burundi.

Hata hivyo, mkoa huo haukuwa na soko la muziki la kumkuza msanii hadi ajulikane nchi nzima. Studio kubwa, redio za burudani na waandaaji wa matamasha walikuwa Dar es Salaam, hivyo aliyetaka kutoka kimuziki alilazimika kusafiri. Wengine walizaliwa au kukulia Dar es Salaam kwa wazazi waliokwisha kuhamia huko.

Kuanzishwa

Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikuwa mmoja wa watu waliokuwa nyuma ya mradi huu. Lengo lilikuwa kuutangaza mkoa kwa kutumia wasanii wake maarufu. Jina la wimbo ni la Kiha, na kwa Kiswahili maana yake inakaribia "acha turinge". Katika Kiha, kama ilivyo katika Kirundi, kiambishi cha nafsi "tu-" hugeuka "du-" kinapofuatwa na sauti kama t au k. Ndiyo maana linasikika "dutigite".

Maneno hayo yalikuwa na uzito kwa watu wa Kigoma. Wakati wa ukoloni Waha wengi walichukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kwa muda mrefu mkoa wao ulihesabiwa kuwa wa pembezoni. Usemi "Kigoma mwisho wa reli" umetumika kwa utani na pia kwa dharau. Wakazi wa mkoa wamekuwa pia wakilalamika kwamba uraia wao hutiliwa shaka kwa sababu lugha yao inafanana na Kirundi. Kuweka Kiha katika jina la wimbo wa kuchezwa redioni nchi nzima kulikuwa jibu kwa hali hiyo.

Asili ya wanachama kimuziki

Makundi ya mitaani. Chege aliingia akiwa mwanachama wa TMK Wanaume Family, kundi la Temeke lililojulikana kwa kuchanganya kufokafoka na viitikio vya kuimba kwa pamoja. Mwenzake wa karibu katika kundi hilo alikuwa Mheshimiwa Temba. Makomando, wawili walioimba na kucheza, walileta ustadi wa kunengua jukwaani.

Tanzania House of Talent. Mwasiti na Recho walipitia kituo hiki cha Dar es Salaam, maarufu kwa kifupi THT, kilichoanzishwa na Ruge Mutahaba. THT iliwafundisha vijana kuimba na kutumbuiza kwa vyombo hai, wakati ambapo wasanii wengi wa Bongo Flava walipanda jukwaani na CD. Barnaba na Linah ni miongoni mwa wengine waliotoka hapo.

Mashindano ya kuimba. Peter Msechu alijulikana kupitia mashindano ya runinga. Mwaka 2010 alishika nafasi ya pili katika Tusker Project Fame, yaliyofanyika Nairobi na kushirikisha nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Humo washiriki waliishi pamoja, wakafundishwa sauti na kuimba nyimbo za watu wengine mbele ya majaji. Msanii aliyepita huko huwa amezoea mitindo mingi kabla hajapata wake.

Bendi. Ommy Dimpoz aliimba katika Top Band ya TID kabla ya kutoka peke yake na wimbo "Nai Nai", alioshirikiana na Ali Kiba.

Wasanii wa kujitegemea. Diamond Platnumz alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1989 na kukulia Tandale. Naye ana asili ya Kigoma. Alijulikana kwa wimbo "Kamwambie", na mwaka 2010 alitwaa tuzo tatu za Kilimanjaro Music Awards. Queen Darleen alianza muziki miaka ya 2000 akiegemea ragga na dancehall. Linex alipata jina kwa wimbo "Mama Halima". Baba Levo alikuwa mfokaji aliyebaki karibu na nyumbani. Baadaye aliingia katika siasa na mwaka 2015 akachaguliwa kuwa diwani wa Mwanga Kaskazini katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji.

Mtindo

Kwa kuwa hakuna shule moja iliyowalea wote, "Leka Dutigite" ulijengwa kwa zamu: kila msanii hupewa nafasi yake na kuimba au kufoka kwa namna yake, kisha wote hukutana katika kiitikio. Kiswahili hubeba sehemu kubwa ya mashairi, na Kiha huwarudisha pamoja.

Baadaye

Kundi lilitumbuiza Kigoma, katika Uwanja wa Lake Tanganyika, mwaka huohuo wa 2012. Halikugeuka kuwa bendi, kwani kila mwanachama alikuwa na menejimenti na ratiba yake. Uhusiano wa baadhi yao na mkoa uliendelea hata hivyo. Desemba 2019 Diamond Platnumz alisafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kuadhimisha miaka kumi ya kazi yake ya muziki, akafanya onyesho katika uwanja huohuo.