Ngozi Ivute i Maji: Habari za Viatu vya Nchi Yetu

Aendaye Chanika, penye mji wa Handeni, atawaona Wazigua na Wamasai wakutanao sokoni, na akiitazama miguu yao atajifunza jambo. Huyu amevaa katambuga zilizokatwa katika mpira wa gari, yule amevaa plastiki iliyotoka ng'ambo, na wa tatu amevaa viatu vya mtumba ambavyo mwenyewe wa kwanza yuko Ulaya. Ilhali porini, si mbali na hapo, ng'ombe na mbuzi wanalisha. Basi yatupasa kuuliza: imekuwaje nchi yenye mifugo mingi namna hii ivae viatu vya wengine?

Tusidhani kwamba wazee wetu hawakujua kazi ya ngozi. Watu wa pwani, toka Lamu hata Unguja, walishona makubadhi ya ngozi yaliyosifiwa. Wafugaji wa bara nao walikata ndara katika ngozi ya ng'ombe, wakafanya kamba, ngao na vitanda. Lakini zilipokuja meli kubwa na reli, biashara ilishika njia nyingine. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kupita Korogwe, ilichukua mazao ya bara mpaka bandarini. Ngozi mbichi zilikwenda Ulaya. Hata magome ya mikandaa ya Rufiji, ambayo maji yake huigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi laini isiyooza, yalipakiwa melini vilevile. Hivyo ngozi ilitoka kwetu na dawa yake ilitoka kwetu, na kiatu kikarudi kwetu na bei yake.

Baadaye viwanda vilianza. Kampuni ya Bata, iliyoanzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín, ilifika Afrika ya Mashariki, ikajenga kiwanda Limuru katika Kenya, na ikafanya kazi Tanganyika pia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ya Tanzania ilichukua sehemu kubwa ya hisa za Bata katika nchi hiyo, na viatu vya Bora vikavaliwa na wanafunzi wengi. Viwanda vya kutengeneza ngozi navyo vilikuwako Moshi, Morogoro na Mwanza.

Ndipo likaja jambo kubwa la Morogoro. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilijengwa kiwanda cha viatu cha kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Ilikusudiwa kwamba jozi tatu katika kila nne ziuzwe Ulaya. Mashine zilikuwa mpya, na matumaini yalikuwa makubwa. Lakini nyumba yenyewe ilijengwa kwa kuta zisizofaa joto la Morogoro, wala hewa haikupita vizuri. Vipuri vilikosekana, mafundi na wasimamizi wenye ujuzi walikuwa wachache, na fedha za kigeni zilikuwa adimu baada ya vita vya Uganda vya miaka 1978 na 1979. Kiwanda hakikutumia hata sehemu 5 kwa mia ya nguvu zake kwa muda wa kutosha. Hakikupeleka nje jozi hata moja, na mwaka 1990 kikafungwa.

Twajifunza nini? Kwamba kiatu si ngozi tu. Kiatu ni soli, gundi, uzi, kalibu, na jicho la fundi ajuaye watu wapendavyo mwaka huu. Kimoja kikikosekana, vingine vyote hungoja. Wachina, ambao leo hutengeneza zaidi ya nusu ya viatu vyote vya dunia, wameviweka vitu hivyo vyote karibu karibu. Atakaye gundi huipata jirani. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, viatu vyao na mitumba viliingia kwa bei ambayo fundi wetu hakuweza kuifuata.

Serikali zilijaribu kuzuia. Mwaka 2012 Tanzania ilipandisha ushuru wa ngozi mbichi zitokazo mpaka sehemu 90 kwa mia, ili ngozi zibaki nyumbani. Lakini viwanda vya kuzinunua vilikuwa vichache. Basi nyingine zilivushwa mipakani kwa magendo, na mfugaji alipata bei ndogo. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuondoa mitumba polepole, nguo na viatu. Marekani ilipotishia kuzinyima nafasi ya kuuza kwake bila ushuru, Rwanda peke yake ilishikilia, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Hata hivyo kazi haikufa. Mwaka 2020 kiwanda kipya cha ngozi na viatu kilifunguliwa Karanga, Moshi, mahali ambapo kazi ya viatu ilikuwa imefanywa gerezani kwa miaka mingi.

Lakini kiwanda chema hakiwezi kuiponya ngozi iliyoharibiwa kijijini. Chapa ya moto iliyopigwa ubavuni, kupe walioachwa bila dawa, kisu chenye ncha kilichotoboa wakati wa kuchuna, na ngozi iliyotupwa juani ikauke mchangani, vyote huacha alama ambayo hakuna rangi ya kuificha. Mabwana mifugo wa zamani walifundisha kuiwamba ngozi katika fremu na kuikausha kivulini. Fundisho hilo halijachakaa. Mtu wa Chanika hana uwezo wa kuzuia meli zitokazo China, lakini chapa anaweza kuipiga mguuni au shavuni, na kuchuna kwa kisu cha tumbo mviringo. Ngozi yake ikiwa safi, mnunuzi hana sababu ya kuipunja bei.

Wahenga walisema: ngozi ivute i maji. Nchi ambayo wachinjaji wake hutunza ngozi siku ile ile ya kuchinja ndiyo itakayokuwa na haki ya kudai kiatu kizuri kutoka kiwandani kwake.