Picha Zilizofundisha Mafundi wa Ndege

Wahenga walisema, kusikia si kuona. Leo tutazungumza habari za wachoraji waliowaonyesha mafundi jambo ambalo macho hayawezi kuliona.

Mwaka 1941 vita vilikuwa vimeenea Ulaya. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, lakini viwanda vyake vilitakiwa kutengeneza ndege nyingi upesi. Kimoja kilikuwa kiwanda cha Lockheed, mjini Burbank, California. Wafanyakazi wapya walipaswa kujifunza kupiga ribiti.

Ribiti ni kama msumari usio na ncha. Hupitishwa katika matundu ya mabamba mawili, kisha mkia wake hugongwa mpaka uvimbe, na mabamba hushikana. Katika ndege, kichwa cha ribiti kikitokeza nje huzuia upepo na kupunguza mwendo. Kwa hiyo lazima kilingane na bamba. Bamba likiwa nene, fundi huchimba kishimo kwa keekee. Likiwa jembamba, hulikandamiza libonyee, maana akilichimba litapungua nguvu. Fundi akikosea, mabamba hayashikani vema, na ndege hiyo itabeba watu.

Shida ni kwamba mambo haya hutokea ndani ya madini. Kamera haiwezi kuingia humo, lakini kalamu ya mchoraji yaweza. Mwaka huohuo Walt Disney, ambaye studio yake ilikuwa Burbank pia, alitengeneza filamu fupi kwa msaada wa mainjinia wa Lockheed. Ilionyesha njia nne za kupiga ribiti za namna hii. Mabamba yalichorwa kana kwamba yamekatwa katikati, ili mtu aone ndani. Wachoraji walichora picha nyingi, kila moja tofauti kidogo na iliyotangulia. Katika sinema picha 24 hupita kwa sekunde moja, na jicho huona kitu kinakwenda.

John Grierson, mkuu wa bodi ya filamu ya Kanada, aliiona filamu hiyo akapendezwa nayo. Mwaka 1942 ikatoka nyingine, ya kuwafundisha askari wa Kanada bunduki ya kupigia vifaru.

Mwaka 1963 Edward Zajac, wa Bell Laboratories huko Marekani, alitumia kompyuta kuchora filamu ya setilaiti ikiizunguka dunia. Siku hizi wanafunzi wa uinjinia hutazama michoro ya namna hiyo katika kompyuta, huisimamisha na kuirudia wapendavyo.

Lakini tusidanganyike. Filamu haikupiga ribiti hata moja. Picha humwonyesha mwanafunzi sababu ya kazi. Kazi yenyewe hujifunzwa na mkono. Vyote viwili vyahitajiwa.

Sasa zungumzeni darasani: katika kazi yenu, ni jambo gani lililofichika ndani ambalo mngependa kuchorewa?