Mlango wa Virunga na mlango wa Unguja: wageni kurudi wakati wa Korona



Kwenye mkutano wetu wa mwisho kuko mmoja aliuliza swali yenye ilitugawanya: kama kesho ugonjwa mwingine unakuja sawa Korona, parki zetu zifungiwe wageni wa inje ao zifunguliwe? Bamoja walijibu mbio: "Wafunge, uzima kwanza." Bengine: "Wafungue, njaa nayo inaua." Mimi nilisoma agronomia, hapana historia. Lakini hii maneno ilishapita karibu na sisi, miaka 2020 na 2021, na hatuhitaji kukisia. Tuangalie milango mbili: mmoja wa kwetu Kongo, Virunga, na mwingine wa ng'ambo ya ziwa na bara lote la Tanzania, kisiwa cha Unguja.

Tuanze na Virunga. Parki ile iliundwa tarehe 21 mwezi wa ine 1925, wakati wa Wabelgiji, na jina lake la kwanza lilikuwa parki Albert. Njo parki ya taifa ya kwanza katika Afrika. UNESCO iliiandika kwenye liste ya urithi wa dunia mwaka 1979. Mugeni aliyetoka Ulaya ao Amerika alikuwa anakuja kuona vitu viwili zaidi: moto wa Nyiragongo na gorila wa milimani. Gorila hawa hesabu yao dunia nzima ilikuwa kidogo kupita elfu moja, na wanaishi pahali pawili tu: kwenye milima ya Virunga, yenye Kongo, Rwanda na Uganda wanagawana, na kwenye pori ya Bwindi kule Uganda.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Tarehe 24 rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura na mipaka ikafungiwa wasafiri. Hapa Lubumbashi munakumbuka, tulishakuwa ndani siku mbili, tarehe 23 na 24, kwa amri ya gavana. Juma ileile Virunga ikasema haipokei wageni tena. Rwanda na Uganda pia walifunga ziara za gorila mwezi uleule.

Sasa angalieni sababu, juu haikuwa ya kulinda bantu peke yao. Gorila ni ndugu wa karibu sana wa mwanadamu, na mafua yetu inaweza kumwua. Walinzi walishajua hii zamani. Mbele ya Korona, mugeni wa Virunga alikuwa anavaa maski mbele ya gorila, alisimama mbali mita 7, na saa moja ikiisha alirudi. Kumbe siku dunia yote ilijifunza kuvaa maski, kule Rumangabo walishazoea. Na woga wao haukuwa wa bure: mwezi wa kwanza 2021, gorila wa zoo ya San Diego, Marekani, walipatikana na Korona. Wale walipona. Lakini wale walikuwa na munganga wa nyama mlangoni. Katika pori ya mlima, jamaa nzima ya gorila inaweza kuisha mbele munganga hajafika.

Kwa hiyo kufunga kulikuwa na maana. Lakini kufunga nako kuna bei, na bei ile ililipwa na bantu wadogo. Pesa ya mugeni ilikuwa inalipa walinzi, inalipa wapishi, wabebaji wa mizigo, na mkulima yenye anauza viazi na makabichi kwa loji. Mugeni akikosa, wote wanakosa siku moja. Tarehe 24 mwezi wa ine 2020, mwezi mmoja nyuma ya kufunga, watu wenye silaha walishambulia karibu na Rumangabo. Bantu 17 walikufa: walinzi 12, dereva wa parki mmoja na raia 4. Vita ile haikuletwa na Korona, ilikuwako mbele. Lakini ilipiga parki wakati mfuko wake ulikuwa unakauka. Na kule Bwindi, mwezi wa sita mwaka uleule, mwindaji aliua Rafiki, gorila dume mkubwa aliyejulikana sana na wageni. Alihukumiwa miaka 11 ya jela. Alikuwa ameingia porini kutafuta nyama ndogo. Pori bila wageni haikuwa pori yenye usalama.

Njo pale swali ya kufungua inaanza. Rwanda ilifungua ziara za gorila katikati ya mwezi wa sita 2020, na ndege za kawaida tarehe 1 mwezi wa munane. Kongo tulifungua viwanja vya ndege tarehe 15 mwezi wa munane. Uganda ilifungua Entebbe tarehe 1 mwezi wa kumi. Virunga yenyewe ilingoja. Ilingoja mpaka mwezi wa pili 2021, karibu miezi kumi na moja. Na mwezi mmoja mbele ya kufungua, tarehe 10 mwezi wa kwanza, walinzi wengine 6 waliuawa.

Mlango ukafunguliwa, na masharti ya afya mikononi. Wataalamu wa IUCN walishasema umbali uongezwe, mita 10 pahali pa 7. Kila kitu kilipangwa kwa sababu ya kirusi. Halafu tarehe 22 mwezi wa pili, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, ambasaderi wa Italia Luca Attanasio aliuawa, pamoja na askari aliyemlinda na dereva Mukongomani wa Programu ya Chakula Duniani. Tarehe 22 mwezi wa tano Nyiragongo ikatapika moto, na siku chache nyuma yake mamia ya maelfu ya bantu walitoka Goma kwa amri. Mwaka 2022 M23 ikachukua Bunagana na kisha Rumangabo. Mlango uliofunguliwa kwa uangalifu wote wa munganga ulifungwa na vitu vingine kabisa. Mimi naona hapo fundisho ya kwanza: anayepanga kupokea wageni wakati wa ugonjwa, asipange kwa ugonjwa peke yake.

Twende Unguja. Kule mambo ilikuwa kinyume. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Utalii ulikuwa unabeba zaidi ya robo ya uchumi wa visiwa. Mwezi wa tatu 2020 ndege za watalii zikasimama na hoteli zikafunga. Mishahara ikakatika. Mwisho wa mwezi wa ine serikali ya Tanzania iliacha kutoa hesabu za wagonjwa, ikiwa kwenye 509. Tarehe 18 mwezi wa tano anga ikafunguliwa, na mwezi wa sita Zanzibar ikapokea wageni tena, bila kuwafungia siku 14. Rais John Magufuli akasema nchi imeshinda ugonjwa kwa maombi.

Na wageni walikuja. Ulaya ilikuwa imefunga, baridi inapiga, na watu wa Urusi, Ukraine na Poland walijaza ndege moja kwa moja mpaka Unguja. Mwaka 2020 uliisha na wageni 260,644, maana karibu nusu ya mwaka wa mbele, wakati pahali pengi hawakupata hata robo. Mpishi wa hoteli, dereva wa teksi, mama anayeuza vitambaa pale Nungwi, walirudi kazini. Tusiwacheke. Mtu yenye hajalipwa miezi tatu hawezi kuambiwa "ngojea kidogo" na sisi wenye tulikuwa na unga nyumbani.

Lakini bei iko pale pia. Kwa sababu hesabu hazikutolewa, hakuna mfanyakazi aliyeweza kujua hatari aliyokuwa anapokea pamoja na mzigo wa mugeni. Mwanzo wa 2021 wasafiri waliotoka Tanzania walipatikana na aina mpya za kirusi walipofika inje. Tarehe 22 mwezi wa kwanza 2021 Uingereza ilifunga wasafiri wa Tanzania, na siku ileile ikafunga wa Kongo pia. Tulifungiwa mlango pamoja. Tarehe 17 mwezi wa pili Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikufa. Chama chake kilishatangaza wazi kama alikuwa na Korona. Nyuma yake rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, hesabu zikarudi, na tarehe 28 mwezi wa saba 2021 alichanjwa mbele ya kamera. Mlango ulibaki wazi, lakini sasa na taa. Mwaka 2022 wageni wakapita hesabu ya 2019.

Basi nani alikuwa na haki, Virunga ao Unguja? Mimi nasema swali ile haikamatike hivi. Virunga iliweza kungoja miezi kumi na moja, Unguja haikuweza kungoja miezi mitano. Kwa nini? Hapo njo agronomia yangu inaingia.

Mkulima wa kwetu, yule wa kweli, hapandi mahindi peke yake. Anachanganya maharagi, anaweka muhogo pembeni, juu anajua mvua inaweza kumdanganya. Unguja ilishalia mara mbili kwa zao moja. Mwaka 1872 zoruba iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba njo ikabaki na karafuu. Nyuma, bei ya karafuu ilipoanguka, kisiwa kiligeukia utalii, nao ukawa kama shamba mpya ya zao moja. Mbaya zaidi, sehemu kubwa ya chakula cha mahoteli ilitoka inje ya kisiwa, kwa hiyo hata wakati mlango ulikuwa wazi, mkulima wa pale alipata kidogo.

Virunga ilishaanza kuchanganya. Tangu 2015 kituo cha umeme cha Matebe kinazalisha megawati 13 hivi kwa maji ya mto, na umeme ule unauzwa mpaka Goma. Umeme haungoji viza. Haikutosha kulinda parki na vita, hiyo tumeona. Lakini iliipa pumzi ya kufikiri mbele ya kufungua.

Mwaka ule wa 2020 nilikuwa nafuata wakulima wa mboga pembeni ya Kafubu. Wale walipanda lengalenga na matembele kwa soko za muji waliuza kila siku, hata wakati wa dharura. Mmoja alikuwa ameweka shamba yote letisi na frezi kwa hoteli moja tu. Hoteli ikaacha kununua, na letisi iliozea kwenye udongo. Hakukosea kulima, mboga zake zilikuwa nzuri kupita za wengine. Alikuwa tu na mnunuzi mmoja, na mnunuzi yule alitegemea wageni.

Na sisi wana Katanga tusijione tuko mbali. Shaba nayo ni zao moja. Ila iko na tofauti: shaba inapanda kamio na kwenda kwa mnunuzi, gorila haendi, mnunuzi lazima aje kwa miguu yake. Njo maana mwaka 2020 makamio ya madini yaliendelea kupita Kasumbalesa wakati wasafiri wamezuiwa, na uzalishaji wa shaba haukushuka, ulipanda. Tani yenye ilianguka chini ya dola 5,000 mwezi wa tatu 2020 ilipita dola 10,000 mwezi wa tano 2021. Lakini kwenye mine kadhaa wafanyakazi waliambiwa walale ndani ya site majuma na majuma, ao waache kazi. Kule Unguja mlango ulifunguliwa juu ya mfanyakazi, huku ulifungwa naye ndani. Pande zote mbili hakuulizwa.

Nasema hii kwa sababu kati yetu kuko wenye wanaandika miradi ya utalii kwa Upemba na Kundelungu. Ni mawazo mazuri. Kundelungu iko na maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300; Upemba iko na pundamilia. Wageni wa inje ni wachache sana leo, kwa hiyo tuko na nafasi ya kupanga mbele mlango haujawa mkubwa. Naomba kila mradi ujibu maswali tatu kwenye ukurasa wa kwanza. Mlinzi na mpishi watalipwa na nini kama wageni wanakosa mwaka moja? Chakula cha loji kitatoka kwa mkulima gani wa karibu, na mkulima yule atauza wapi tena? Na nani, mbele ya wote, atatoa hesabu za wagonjwa kwa wazi, hata kama hesabu zinafukuza wageni?

Mimi nitaanza na swali ya pili, juu njo kazi yangu. Niko natayarisha liste ya mazao yenye inaweza kulimwa karibu na Kundelungu, yenye soko ya Lubumbashi inanunua hata bila mtalii mmoja: maharagi, vitunguu, mahindi ya bukari yetu. Mwenye alisoma afya achukue ya tatu, mwenye alisoma uchumi achukue ya kwanza. Tukutane nazo mkutano unaokuja.