Udaipur na Maziwa Yake

Maziwa ya Udaipur, katika jimbo la Rajasthan nchini India, karibu yote ni kazi ya mikono ya watu. Huko mvua za kusi hunyesha Juni hadi Septemba, kisha vijito hukauka. Asiyehifadhi maji ya Agosti hana ya Mei.

Mapokeo yanasema ziwa la Pichola lilianzishwa mwaka 1362 na mtu mmoja wa jamii ya Banjara, mchukuzi wa nafaka. Mwanzilishi basi alikuwa mfanyabiashara, jambo ambalo fahari ya majumba ya kifalme imelifunika. Maharana (yaani mfalme) Udai Singh wa Pili alipojenga mji wake hapo karne ya 16, alilipanua ziwa kwa ukuta wa mawe. Ngazi pana, ziitwazo ghat, zilishuka hadi majini: wanawake walifulia hapo, wakipiga nguo kwa vibao, na maji yalipopungua walishuka ngazi zaidi.

Fateh Sagar, ziwa lililo kaskazini mwa Pichola, ni la karne ya 17. Mafuriko yalibomoa ukuta wake, na Maharana Fateh Singh akaujenga upya mwishoni mwa karne ya 19. Mfereji huliunganisha na Pichola.

Ukame haujali ufundi. Mwanzoni mwa karne ya 21 Pichola lilikauka, mifugo ikalishwa mbele ya kasri la katikati ya ziwa, lililozoea kufikiwa kwa mashua. Mbali na maziwa ya mjini, maji ya bomba hutegemea pia Jaisamand, ziwa la karne ya 17 lililo mbali kusini-mashariki, na bwawa la Mansi Wakal.